Nyumba Njema si Mlango

Zipo haja nyingi za binaadamu ambazo zikikosekana leo huweza kungojewa hadi kesho. Nguo mpya hungojewa, karamu hungojewa, hata safari ya kheri huahirishwa mpaka mwenyewe ajaaliwe. Nyumba haingojeki. Usiku unapoingia, mvua inaponyesha, mtoto anaposhikwa na homa au mzee anapofikwa na mauti, mtu hutaka pahala pa kuelekea. Pahala hapo pakikosekana, au pakiwapo lakini hapafai, kila kheri nyengine aliyonayo hupungukiwa na thamani. Kwa hivyo suala la nyumba ya mwananchi wa kipato kidogo haliwezi kuhesabiwa kuwa ni la anasa, wala la kupamba mji ili wageni wausifu. Ni suala la siasa kwa maana yake iliyo safi kabisa: nani anaishi vipi, na kwa sababu gani.

Waliokalia mkeka wa chuoni wanajua kwamba lugha yetu imeazima maneno mawili kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu, nao ni mzizi wa kutulia. La kwanza ni maskani, yaani pahala ambapo mtu hutua na kupata utulivu. La pili ni maskini, yule ambaye dhiki imemkalisha kitako hata hana nguvu ya kujitikisa. Katika maandishi yetu maneno hayo yanatengwa na herufi moja tu. Qur'ani Tukufu nayo, katika Sura ya An-Nahl, inaihesabu nyumba miongoni mwa neema alizopewa binaadamu, na sababu inayotajwa ni huo huo utulivu. Serikali yoyote inayojitia katika kazi ya kuwajengea wanyonge, kazi yake kwa hakika ni kuibadilisha herufi hiyo moja. Makala haya yanakusudia kueleza herufi hiyo hubadilishwa vipi, imebadilishwa kwa kadiri gani katika visiwa vyetu, na ni kitu gani kinachoweza kuirejesha ilikokuwa.

ARDHI YA MWENGINE

Jina la Ng'ambo peke yake ni historia. Upande mmoja wa hori lililoingia ndani ya mji palikuwa na Mji Mkongwe, wenye nyumba za mawe na chokaa na milango ya nakshi. Upande wa pili, ng'ambo ya maji, walikaa watumwa walioachwa huru na vizazi vyao, wachukuzi, mafundi, wavuvi, watumishi wa majumbani, na watu waliokuja mjini kutoka mashamba na kutoka bara. Daraja lililoziunganisha pande hizo mbili ndilo lililoipa Darajani jina lake, ijapokuwa maji yenyewe yalikwishafukiwa zamani.

Mkaazi wa Ng'ambo aliweza kuwa na nyumba, lakini mara nyingi hakuwa na ardhi iliyokuwa chini ya nyumba hiyo. Kuta za miti na udongo zilikuwa zake, na kiwanja kilikuwa cha mwengine, na kwa kiwanja hicho akilipa kodi. Ndugu msomaji, tulipime jambo hili kwa makini, kwani ndani yake mna siri kubwa ya ujenzi. Mtu anayejua kwamba ardhi anayoikalia si yake hajengi kwa mawe. Hatii sakafu ya kudumu, hachimbi choo cha maana, hapandi mti utakaozaa baada ya miaka kumi. Hujenga kile ambacho akiambiwa ondoka hataumia sana kukiacha. Wapita njia wakimwona katika kibanda husema kwamba mtu huyu hapendi maendeleo, kumbe yeye amepiga hesabu zake vizuri kuliko wao.

Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi hiyo ya viwanja. Hawakuwa na chama wala gazeti la kuwasemea, lakini waliielewa dhulma kwa kuwa ilikuwa ikiwagongea mlango. Wakoloni nao hawakukosa mipango. Mwaka 1923 mtaalamu wao aitwaye Lanchester alichora ramani ya mji, na mwaka 1958 Kendall akachora nyengine. Katika miaka ya 1940 walijenga ukumbi wa Raha Leo, wakaweka na huduma kadhaa katikati ya Ng'ambo. Hata hivyo, kuchora mtaa wa mnyonge na kumpa mnyonge mtaa ni mambo mawili mbalimbali. Ramani zote hizo zilimtazama mkaazi wa Ng'ambo kuwa ni tatizo la afya na la utulivu wa mji, na ni nadra sana kumtazama kuwa ndiye mwenye mji.

MAPINDUZI YALIPOINGIA MLANGONI

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliligeuza jambo hilo kutoka mizizini. Ardhi ilifanywa mali ya Serikali, wakulima wakagaiwa eka tatu tatu, na kodi ya kiwanja iliyokuwa ikimkaba mkaazi wa Ng'ambo ikaondoka pamoja na waliokuwa wakiipokea. Mzee Abeid Amani Karume, aliyewahi kuwa baharia na kuona miji ya watu, alishikilia kwamba wakwezi na wakulima wakae katika nyumba za kisasa zenye umeme, maji ya bomba na choo cha ndani. Zanzibar ilikuwa ya mwanzo katika Afrika kuitambua Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, na wataalamu wa nchi hiyo wakaja kusaidia katika majengo ya Kikwajuni na Kilimani. Mmoja wao, Hubert Scholz, alitayarisha mpango mpya wa mji mwaka 1968.

Kisha yakaja majengo ya Michenzani, yaliyonyooka pande nne za njia panda kama msalaba wa barabara, marefu kiasi cha kuonekana kutoka mbali baharini. Saruji ilimwagwa kwa mikono ya wananchi waliojitolea, wake kwa waume, vijana kwa wazee, na wale ambao nyumba zao zilibomolewa ili kuyapisha majengo wakapewa fleti bila ya kodi. Wala kazi haikuishia mjini. Makunduchi na Bambi katika Unguja, Wete, Mkoani, Kengeja na Micheweni katika Pemba, nako kuliinuka majengo ya ghorofa ambayo watu wanayaita nyumba za maendeleo. Mtu anayekwenda Kengeja leo akayaona majengo yale katikati ya minazi na mikarafuu anaweza kushangaa, akauliza ghorofa inatafuta nini shamba. Jawabu lake ni la kisiasa: wakati ule ilikusudiwa isiwepo tena daraja ya watu wa mawe na daraja ya watu wa udongo.

Mzee Karume aliuawa Aprili 7, 1972, na baada yake kasi ilipungua. Mpango uliokuwa umetaraji maelfu mengi ya fleti haukutimia, na Michenzani kwenyewe yaliyokamilika ni sehemu tu ya yaliyochorwa. Hata hivyo, kilichojengwa kilitosha kuthibitisha jambo moja ambalo kabla ya hapo lilikuwa likikanushwa, nalo ni kwamba mtoto wa mchukuzi na mtoto wa mkwezi wanaweza kulala chini ya dari, wakawasha taa ukutani, wakafungua mfereji, na mbingu isianguke.

SAKAFU, PAA NA DIRISHA

Wako wanaouliza: nyumba bora humbadilisha mtu kitu gani, na hali kipato chake ni kile kile? Suala hilo ni la haki, na halijibiwi kwa maneno ya mkutano wa hadhara. Tuchukue mfano wa familia moja ambayo kila msomaji anaijua kwa sura ijapokuwa si kwa jina. Baba ni mchukuzi, mama anauza maandazi asubuhi, watoto ni watano, na bibi mzaa baba yupo pembeni na tasbihi yake. Wanakaa katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, paa la makuti, sakafu ya vumbi, choo cha shimo uani kilichopakana na kisima. Tuitazame nyumba hiyo kuanzia chini kwenda juu.

Sakafu ya udongo hainawi. Mtoto anayetambaa juu yake hula anachokikuta, na anachokikuta ni mayai ya minyoo, kinyesi cha kuku na matope ya viatu vya waliotoka chooni. Minyoo humnyonya damu, damu ikipungua mtoto hulegea, na mtoto aliyelegea hasomi. Jambo hili limepimwa. Nchini Mexico, tangu mwaka 2000 katika jimbo la Coahuila, serikali iliwapa maskini saruji ya sakafu tu, bila ya kuwajengea kitu chengine. Wataalamu waliolinganisha familia hizo na nyengine zilizofanana nazo walichapisha mwaka 2009 kwamba pale ambapo sakafu yote ya udongo ilifunikwa kwa saruji, vimelea vya tumboni kwa watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 78, kuharisha kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Akina mama nao walionekana kuwa na huzuni ndogo zaidi na kuridhika zaidi na maisha yao. Yote hayo kwa zege ya inchi chache. Ni dawa ya aina gani inayonywewa mara moja ikafanya kazi miaka ishirini?

Kutoka sakafuni tupande ukutani. Ukuta wa fito na udongo uliopasuka ni makaazi ya tandu na nge, na ile nafasi baina ya ukuta na paa ndiyo njia kuu ya mbu anayeleta malaria, kwa sababu mbu huyo huingia usiku watu wakiwa wamelala. Huko Gambia watafiti waliziba nyumba kwa wavu, milangoni, madirishani na katika dari, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionesha kwamba watoto waliokuwa na upungufu wa damu walikuwa asilimia 12 katika nyumba zilizozibwa na asilimia 19 katika zile zilizoachwa vivi hivi. Sisi katika Zanzibar tumeipiga malaria vita vikubwa kwa dawa, vyandarua na kupuliza majumbani, na ushindi wetu unajulikana. Lakini chandarua huchakaa na dawa ya kupuliza hufifia, na fedha za wafadhili zina siku zake. Dirisha lenye wavu na dari iliyozibwa hubaki ukutani hata mfadhili akishaondoka.

Kisha ni choo na maji. Ardhi ya Unguja sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe lenye matundu, na kinachomwagwa juu huteremka kwa haraka katika maji ya chini ambayo ndiyo tunayoyanywa. Shimo la choo likichimbwa karibu na kisima, majirani wote hunywa kutoka chombo kimoja bila ya kujua. Kipindupindu kilipoingia Zanzibar mwaka 1978, na kila kiliporudi baada ya hapo, kilipata nafasi zaidi katika mitaa yenye msongamano, maji machafu na mitaro iliyoziba. Maradhi haya hayachagui dini wala chama, lakini nyumba huwa yanaichagua.

MAKUTI NI GHALI

Watu hudhani kwamba nyumba mbovu ni rahisi. Hilo ni kosa la hesabu. Paa la makuti baada ya miaka michache huanza kuvuja na lazima liezekwe upya. Ukuta wa udongo hukandikwa kila baada ya masika. Miti ya ukutani huliwa na mchwa, na mtu hurudi tena kununua boriti na fito. Mwenye nyumba ya tofali na mabati hulipa mara moja akapumzika. Mwenye kibanda hulipa kidogo kidogo umri wake wote, na mwisho huwa amelipa zaidi na hana cha kurithisha. Juu ya hayo, cheche moja ya jiko inatosha kuiteketeza nyumba ya makuti, na upepo wa kaskazi ukiwapo huondoka na nyumba za majirani pamoja.

Maskini basi hutozwa kodi isiyoandikwa popote. Hulipa hospitali kwa homa ambayo dirisha lingeizuia, na hulipa muuza maji kwa ndoo, bei ambayo mwenye bomba haijui. Tena hupoteza siku ya kibarua kwa kuwa usiku kucha alikuwa akizihamisha ndoo chini ya matundu ya paa. Mpunguzie dhiki hizo, na mshahara ule ule mdogo utaanza kuonekana. Ndiyo maana tunasema kwamba kumpa mnyonge nyumba bora ni kumwongezea kipato bila ya kumwongezea mshahara.

CHUMBA CHA TATU

Yapo mambo mengine ambayo hayaingii katika mizani ya daktari wala ya mhasibu, na pengine hayo ndiyo makubwa zaidi. Familia yetu ile ya watu wanane katika vyumba viwili haina pahala pa faragha. Mtoto wa kike aliyebaleghe hulala chumba kimoja na kaka zake, jambo ambalo dini zetu na desturi zetu zinalikataza, na wazazi wanalijua hilo na wanaumia, lakini watafanya nini? Wengine huwapeleka mabinti zao wakalelewe kwa jamaa, wengine huwaoza mapema. Ongeza chumba cha tatu, na binti huyo anabaki nyumbani kwao na anabaki skuli.

Taa nayo ina hadithi yake. Mwanafunzi anayesoma kwa kibatari cha mafuta ya taa husoma kwa kuibia, kwani mafuta yana bei na moshi una madhara. Jua likizama na kitabu kimefungwa. Mwenzake aliye chini ya taa ya umeme ana saa tatu zaidi kila usiku, na ukizihesabu saa hizo kwa miaka yote ya msingi utapata tofauti ambayo mwalimu hawezi kuifuta. Tunapozisoma orodha za waliofaulu na waliofeli, tuziweke karibu na ramani ya mitaa walimotoka.

Kwa mwanamke, nyumba ndiyo pahala pake pa kazi. Mama muuza maandazi huanza kazi alfajiri katika jiko lililojaa moshi, huteka maji mbali, hufua mbali, na akitaka kuweka akiba ya unga haipati pahala pakavu. Mpe maji mlangoni, jiko lenye hewa na kabati linalofungwa, na biashara yake ya kinyonge huanza kuwa biashara. Mpe na hati yenye jina lake, na siku mume atakapomwacha au kufariki, hatatolewa nje na watoto wake huku jamaa wakigombania funguo. Sheria ya mirathi inampa haki yake, lakini haki isiyoandikwa katika daftari la ardhi huwa nyepesi mbele ya wenye sauti nzito.

Na juu ya yote ni heshima. Mwenye nyumba inayositirika humkaribisha mgeni, humwoza mwanawe, huweka hitima, hupokea rambirambi. Mwenye kibanda kinachovuja hukwepa wageni, na anayekwepa wageni taratibu hujitenga na jamii. Siku zote sisi makada tunawataka wananchi washiriki katika vikao, wachangie, wajitolee. Tukumbuke kwamba ushiriki huanzia kwa mtu anayeweza kusema bila ya haya: njooni kwangu.

KUZAA SI KAZI

Tukishayasema hayo yote, tungekuwa tunawadanganya wananchi lau tungeishia katika sifa. Wahenga wamesema kuzaa si kazi, kazi kulea. Majengo tuliyazaa kwa shangwe, malezi yakatushinda.

Kwa kuwa waliopewa fleti hawakudaiwa kodi, kwa miaka mingi hapakuwa na mfuko wa matengenezo. Pampu zikaharibika, maji yakakataa kupanda, na mama aliyeahidiwa mfereji jikoni akajikuta anapandisha ndoo kichwani ghorofa hadi ghorofa. Ngazi zikawa hazina taa, mabomba ya maji machafu yakavuja ukutani, chuma ndani ya zege kikapata kutu kwa chumvi ya bahari. Kila mkaazi alikarabati ndani kwake, lakini ngazi, paa na bomba kuu vilikuwa mali ya wote, na mali ya wote isiyo na msimamizi huwa yatima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni wa ghorofa nyingi.

Jengine lilikuwa la desturi. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele na uwa nyuma. Barazani wanaume hupokeana habari, uani wanawake hupika, huanika, hufuga kuku na hufanya shughuli zao kwa sitara. Fleti ilikuja na choo cha ndani lakini ilikuja bila ya baraza na bila ya uwa. Mzee aliyezoea kuukalia mlango wake akawa mfungwa wa ghorofa ya nne kwa sababu ya magoti. Jeneza lilishushwa kwa taabu ngazini. Wananchi, kwa akili zao, walijitengenezea walichonyimwa: chini ya majengo yakazuka mabaraza, meza za bao, magenge ya biashara, na maskani za vijana ambazo jina lake lenyewe ni ushahidi kwamba mtu akikosa pa kutulia atajitafutia. Waswahili walikwishalisema jambo hili kwa methali moja: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mchoraji wa nyumba ya mnyonge hana budi afungue, aingie, akae kitako, aulize watu wanaishi vipi, kabla ya kushika kalamu yake.

KAZI ILIYO MBELE

Katika sensa ya mwaka 1978 Zanzibar ilikuwa na watu 476,111. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773, na karibu nusu yao wamo katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Visiwa havikutanuka, na watu wameongezeka karibu mara nne. Mji umevimba pande zote kwa nyumba zilizojengwa na wananchi wenyewe, tofali baada ya tofali, mwaka huu msingi, mwakani ukuta, mabati Mungu akijaalia. Tusiidharau juhudi hiyo. Ni kujitegemea kwa kweli kweli, na nyumba nyingi zaidi zimejengwa kwa njia hiyo kuliko kwa mkono wa Serikali. Lakini pale ambapo mpango haukutangulia, nyumba zimekalia njia za maji. Masika ya mwaka 2015 na yaliyofuata yalituonesha mitaa mizima ikigeuka ziwa, na magodoro yakielea vyumbani. Mitaro mikubwa iliyojengwa baadaye imepunguza adha hiyo, na tunaishukuru, lakini mtaro uliochimbwa baada ya nyumba huwa na gharama kubwa kuliko uliochimbwa kabla.

Hivi sasa mji unajengwa upya. Kwahani nyumba za zamani zimebomolewa kupisha maghorofa, Shirika la Nyumba lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014 lina wajibu wake, na pwani ya Fumba inainuka miji ya fleti zinazouzwa kwa fedha ambazo mchukuzi wetu hatazipata katika umri wake wote. Hatulaumu mwekezaji kwa kuuza, kwani hiyo ndiyo kazi yake. Tunaikumbusha Serikali kwamba kazi yake yenyewe ni nyengine. Kwa heshima zote, tunawawekea mezani wakuu wa wizara, wakurugenzi, wakuu wa wilaya na masheha mambo haya.

Kwanza, pasibomolewe nyumba ya mnyonge mpaka yeye mwenyewe ajue kwa maandishi atakwenda wapi, kwa muda gani, na atarudi katika mlango upi. Aliyekaa mtaa miaka hamsini ana kisima cha ujirani ambacho hakilipiwi fidia. Akipelekwa mbali na soko lake na skuli ya watoto wake, nyumba mpya huweza kumfukarisha kuliko ile ya zamani.

Pili, iwepo ada ya matengenezo, ndogo, ya haki, inayojulikana matumizi yake, na kila jengo liwe na kamati yake ya wakaazi yenye daftari lililo wazi. Kitu cha bure kilitufunza somo la miaka hamsini. Asiyeweza kulipa asaidiwe kwa utaratibu, lakini pampu isiachwe ife kwa aibu ya kudai.

Tatu, maji, mitaro na barabara vitangulie viwanja. Kiwanja kilichopimwa na kuwekewa bomba ni msaada mkubwa kwa mwananchi kuliko hotuba ndefu, maana kujenga atajenga mwenyewe.

Nne, ghorofa za chini wapewe wazee na wenye ulemavu, na michoro izingatie uwa, baraza na sitara. Na hati ziandikwe majina ya mume na mke wote wawili.

Tano, si kila mtu anahitaji ghorofa. Kwa familia nyingi za mashamba, mifuko michache ya saruji ya sakafu, bati la paa, wavu wa dirisha na choo kinachofaa vingebadilisha maisha kwa sehemu ndogo ya gharama ya fleti moja. Hapo ndipo halmashauri zetu zingeweza kuanza mwaka huu huu, bila ya kumngojea mfadhili.

Na sisi wananchi tuna yetu. Aliyepewa fleti kwa sababu ya unyonge wake, kisha akaipangisha kwa faida na yeye akahamia kwengine, amekalia kiti cha maskini mwengine. Anayetupa taka mtaroni anaifurisha nyumba ya jirani. Sheha anayefumba macho kiwanja cha skuli kikiuzwa anawaibia watoto ambao bado hawajazaliwa.

Waliomwaga saruji ya Michenzani kwa kujitolea hawakuwa matajiri. Wengi wao walirudi jioni katika nyumba za udongo baada ya kuwajengea wengine za mawe, kwa kuamini kwamba zamu yao itafika. Wapo ambao zamu hiyo haikuwafika mpaka wakatangulia mbele ya haki, na watoto wao leo wamo katika foleni ile ile. Deni hilo lina wenyewe, na wenyewe wanajulikana mitaa yao. Wenye madaraka ya kugawa funguo za nyumba zinazojengwa leo waanze orodha yao kwa watu hao.